Bidhaa Zilizolala kwa Majirani

Mwezi uliopita tulimzika Bahati, na siku ya tatu ya kilio nilicheka mpaka kina mama waliokuwa wakichambua mchele wakageuka kunitazama. Sikukusudia. Mpwa wa marehemu, kijana anayeuza simu pale mjini, alikuwa ameketi karibu nami chini ya turubai, na kwa heshima zote akaniuliza jinsi mimi na mjomba wake tulivyokuwa tukichagua stoki ya duka wakati wa vita. Stoki yake yeye imo ndani ya kompyuta. Ikipungua, kompyuta inamwambia. Ikizidi, inamwambia pia, na hajawahi kugombana na mtu kwa ajili hiyo. Nilitaka kumjibu kwa utulivu unaofaa umri wangu na mahali tulipokuwa, lakini nilipofungua kinywa nikamkumbuka Bahati akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, amesimama mlangoni mwa duka letu, ananitazama usoni na kusema hanijui. Kicheko kikanitoka. Nikakigeuza kikohozi, ila mke wangu, aliyekuwa kwenye masufuria, alijua sikohoi. Kijana hakupata jibu lake siku ile, naye ana haki ya kulipata.

Ilikuwa katika ile vita ya pili, wakati ambapo mtu akisema "wamekuja" hukuuliza ni akina nani, ulikuwa unauliza wako wapi tu. Mimi na Bahati tulikuwa na duka Uvira, kando ya ziwa, kwenye barabara kuu, mlango mmoja wa bati lililopakwa rangi ya samawati, kati ya fundi cherehani na mama aliyeuza vitenge. Tuliuza redio, tochi, betri, antena, na zilipopatikana, televisheni mbili tatu zilizovuka mpaka kutoka Bujumbura zikiwa zimefunikwa magodoro. Duka hilo lilikuwa limekwisha kuporwa mara mbili. Mara ya kwanza liliporwa na waliokuwa wakiingia mjini, mara ya pili na waliokuwa wakitoka. Kila mara tulianza upya na vitu vichache, na kila mara tulianza kwa ugomvi uleule: tuweke nini, kiasi gani, na wapi. Mimi nilikuwa mtu wa rafu zilizojaa. Niliamini mteja ananunua mahali anapoona vitu vingi, na kwamba mtu akiingia dukani akakuta redio mbili anajua moja ni mbovu. Bahati aliona rafu iliyojaa ni sawa na kusimama barabarani ukiwapungia mkono wenye bunduki. Yeye alitaka tuuze betri peke yake, maana betri unaweza kuzitia katika mfuko wa suruali na kukimbia nazo. Nilimuuliza wateja watazitia wapi hizo betri ikiwa hakuna anayeuza redio. Alisema hilo ni jambo la kufikiriwa baadaye.

Ugomvi huu ulifanyika chumbani kwetu, mtaa wa Songo, juu ya bugali, yaani ugali, na ndagala, dagaa wa ziwani. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na mkeka mmoja, tukipokezana wiki kwa wiki, na ukuta mmoja wa mbao uliotutenganisha na Mama Apolina, mjane mwenye sauti nzito ambaye kila Jumapili aliimba kanisani kwa nguvu ya watu watatu. Mbao zile hazikuzuia hata pumzi. Mama Apolina alisikia yote, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, alivumilia miezi miwili kabla ya kuchangia. Halafu jioni moja, nilipokuwa nikiapa kwamba nitajaza duka hata kama Bahati hataki, tukasikia kijiko kikigonga mbao.

"Batoto," alisema, "munanichosha. Redio moja mulete kwangu, minye nitailaza. Ingine mupeleke kwa Mwalimu Sadiki. Ku duka muache makatoni tu. Sasa mule, chakula inapoa."

Tulitazamana. Bahati akaacha kutafuna. Kesho yake aliamka akiuita huo mpango wake, na mpaka anakufa aliuita hivyo.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Nyumba sita za barabara yetu ya Songo, zote za watu tuliosali nao, kila moja ilipokea vitu viwili vitatu kuvilaza. Dukani tulipanga makatoni matupu mpaka darini, picha za televisheni zikitazama nje, na ndani ya kila katoni tukatia kipande cha tofali kilichofungwa matambara ili upepo wa ziwa usiangushe mali yetu yote mbele za wateja. Mteja akichagua, tulimkatia kifuniko cha katoni chenye namba, tukamwelekeza nyumba, na mwenye nyumba akiona kifuniko alitoa kitu. Mimi nilipata duka lililojaa, Bahati akapata duka tupu. Sijui wafanyabiashara wangapi duniani wamewahi kukubaliana kwa namna hiyo.

Tulikosea jambo moja. Bahati aliwaambia majirani hao, walinzi wetu, kwamba redio isiyowashwa inaingia unyevu wa ziwa, kwa hiyo waziwashe kidogo kila siku. Baada ya wiki mbili Mama Apolina alikuwa haendi popote saa ya matangazo ya vifo. Mteja akifika na kifuniko chake wakati huo, alikalishwa, akawekewa sahani, na kuambiwa kwamba wafu wa watu hawakatizwi. Wengi walikula, wakasikiliza, wakaona redio inasema vizuri, wakaondoka nayo wakiwa wameshiba. Kwa kweli tuliuza kuliko zamani. Shida ilikuwa kwa Mwalimu Sadiki, mwalimu mstaafu, mtu mwembamba wa miwani, tuliyempa televisheni kubwa kuliko zote. Mkewe aliitengenezea kitambaa cha kufuma. Wakahamisha viti. Nikaanza kuona ajabu: kila mteja niliyempeleka kwa Sadiki alirudi dukani akiomba kitu kingine. Siku moja nilijificha upande wa dirisha nikamsikia mwalimu, kwa sauti ya huzuni, akimweleza mteja kwamba televisheni ile inaumwa, inazimika yenyewe kila mvua ikinyesha, na kwamba yeye kama Mkristo hawezi kumwacha mtu anunue bila kujua. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu tuilete. Ndipo Bahati alipotunga sheria ya kuhamisha: kila baada ya wiki mbili, vitu vyote vinabadilisha nyumba kabla walinzi hawajavizoea. Jumamosi za kuhamisha, barabara yetu ilikuwa kama watu wanaosindikiza maharusi, wengine wakiimba, wengine wakifuta macho. Leo nikimwona yule kijana na kompyuta yake, najiuliza kama inajua kwamba bidhaa inayopendwa na mlinzi wake haiuziki.

Sasa niseme kilichokuwa kikinikosesha usingizi mwaka huo, maana si duka. Alikuwa Vumilia. Tulijuana kwenye kwaya, alipokuwa anakaa kwa shangazi yake Uvira, na tulikwisha kukubaliana sisi wawili. Kilichobaki ni baba yake, Mzee Kashindi, mkulima wa mpunga huko bondeni Sange. Mzee alikuwa na mchumba mwingine mkononi, bwana mmoja mwenye mashini ya kusaga. Mashini unaiona, unaisikia tangu mbali, unaweza kuigusa ikiwa imezimwa. Mimi alikuwa ameambiwa tu kwamba nina duka. Mjumbe wangu alirudi kutoka Sange na neno moja: Mzee hataki kusikia duka, anataka kuliona. Akiliona na likawa duka kweli, tutazungumza habari za mahari. Asipoliona, mwenye mashini anangoja. Vumilia aliponisimulia hayo aliyasema akicheka, lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua pindo la kitenge, nami nikaingiwa na hofu ambayo hata bunduki hazikunipa.

Wiki ileile Bahati alikuwa amepita katika nyumba zote sita kuongeza sheria mpya. Mtu mmoja muuza vitambaa, upande wa Kavimvira, alikuwa ametembezwa na wenye silaha nyumba hadi nyumba, ameelekezewa mtutu mgongoni, akalazimishwa kuonyesha kila alipoficha. Kwa hiyo Bahati aliwaagiza walinzi wetu: mtu asiyekuwa na kifuniko cha katoni akiuliza, kitu ni cha nyumba. Hata sisi wenyewe tukija na mtu, tukasema ni chetu, wakatae, maana huenda tumeshikwa. Nilikuwapo alipowaeleza. Nilitikisa kichwa kukubali, huku nawaza kama nivae shati jeupe au la mistari siku ya ugeni.

Mzee Kashindi alifika Alhamisi, asubuhi, ameshuka kwenye lori la mpunga. Alikuwa mrefu, mkavu, na ijapokuwa jua lilikuwa kali alivaa koti refu la kijani, zito, linalofika chini ya magoti, ambalo nadhani aliliona ndilo la heshima kuliko yote aliyokuwa nayo. Bahati alikuwa amekwenda bandarini Kalundu. Nilimkaribisha Mzee kwenye kiti, nikampa soda. Alikunywa taratibu akitazama makatoni, kutoka chini hadi darini, na uso wake ukaanza kulegea. Nilijiona nimekwisha kuoa. Lakini mkulima wa mpunga ameishi na magunia, haamini kitu ambacho hajakinyanyua. Aliinuka, akachukua katoni ya televisheni kwa mkono mmoja, akaitikisa. Tofali likagonga. Akaiweka chini, akaifungua bila kuniomba, akatoa kile kipande, akakifungua matambara yake kama anayemvua mtoto nguo, akakishika kwenye mwanga.

Nilimweleza kila kitu, haraka mno. Mali iko, imelala kwa majirani, ni kwa sababu ya vita, ataiona sasa hivi. Alisikiliza, akarudisha tofali ndani ya katoni kwa uangalifu, akasema, "Twende tuone."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Apolina. Redio yetu ilikuwa mezani, inaimba. Nilisema kwa furaha kwamba nimemleta Mzee aone ile redio ya dukani. Mama Apolina aliniangalia, nilikuwa natoka jasho. Akamwangalia Mzee, akaliangalia koti, na macho yake yakasimama pale ambapo koti lilikuwa limevimba kwa sababu Mzee alitia humo kofia yake.

"Redio gani, mwana wangu?" alisema. "Hii iko ya marehemu bwana yangu. Alininunulia kabla afe."

Nilicheka, nikamwambia Mama usitanie. Hakucheka. Alizidi kueleza duka ambako marehemu aliinunua, na jinsi alivyoibeba kichwani, mpaka machozi yakamlenga. Na mimi niliyeileta mwenyewe Jumamosi iliyopita nikaanza kumhurumia. Kisha, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akiwa na bunduki, akatuwekea bugali na samaki wawili wa kukaanga, mikeke ya ziwani. Mzee alimaliza sahani. Kwa Mwalimu Sadiki, ambako televisheni kubwa ilikuwa imerudi kwa zamu, hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani yeye alikuwa amengoja nafasi ya namna hiyo tangu siku ya kwanza. Alisema televisheni aliinunua alipokuwa bado anafundisha. Alimwonyesha Mzee kitambaa cha kufuma kuwa ushahidi. Akaniuliza mimi, kwa upole wa mwalimu, kama nilikuwa nimelala vizuri, akaagiza wali. Nyumba ya tatu walisema hawanijui kabisa, wakatupa maharage. Nyumba ya nne nilimkonyeza mama mwenye nyumba ili aelewe, naye akaelewa kwamba naomba msaada, akapiga magoti mbele ya Mzee akimsihi aniachie, kwamba mimi ni kijana mwema ila kichwa changu hakikutulia tangu vita ianze. Kufika nyumba ya sita Mzee alikuwa ameshakula mara tano, kwa maana mkwe mtarajiwa hawezi kukataa sahani ugenini. Alitembea polepole, kifungo cha koti kimefunguliwa, na hakuwa akiniuliza kitu tena.

Tuliporudi dukani Bahati alikuwa amefika. Nilimwona mlangoni nikapata nguvu kama mtu aliyezama akaona mtumbwi. Nikamwita kwa sauti, nikamwambia Mzee huyu hapa ndiye mwenzangu, muulize yeye. Bahati alituangalia: mimi nimelowa, nimepauka, na nyuma yangu mwanaume mrefu mwenye koti la kijani. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Minye huyu simujue," alisema. "Duka hii iko ya mutu wa Bukavu. Minye nafagia tu."

Mzee Kashindi alifunga tena kifungo cha koti. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto wa mtu mwingine aliyeugua. Aliniambia ameshukuru kwa chakula, kwamba barabara yetu ina watu wakarimu, na kwamba niombe kwa Mungu. Akapanda gari la kurudi Sange. Bahati alipoelewa alichokifanya alikaa chini juu ya katoni, katoni ikabonyea, akabaki humo amekunja magoti, akisema tu, "Lakini koti ile, Faustin. Koti ile." Siku ile nilimchukia, na niliwachukia majirani wote sita, nikalala mkekani ingawa ilikuwa wiki yangu ya kitanda. Mama Apolina, nyuma ya mbao, alilia kwa sauti ile yake nzito, akajilaumu, akawalaumu wenye bunduki, akailaumu na redio. Vumilia alileta habari Jumapili, baada ya misa: baba yake amemwita mwenye mashini aje wazungumze. Alisimama mbele yangu bila kucheka safari hii. Nilimwambia nitakwenda Sange na televisheni kichwani ikibidi. Akasema barabara imefungwa, na kweli ilikuwa imefungwa.

Kwa sababu walikuja. Jumanne asubuhi tulisikia milio upande wa milimani, na tukafanya kama tulivyozoea, kila mtu chini ya kitanda chake. Mchana waliokuwa wakitoka mjini walivunja maduka ya barabara kuu moja baada ya jingine. La kwetu hawakulivunja sana. Bati lilikuwa limechoka. Walipakia makatoni yetu yote katika lori, yale mazuri yenye picha, wakifurahia uzito wake, wakaondoka nayo kupitia bonde. Nilikuwa nimelala kifudifudi, na Mama Apolina upande wa pili wa mbao alikuwa ameizima redio na kuilalia, kama alivyotuambia baadaye. Nilifikiri tu kwamba sasa hata matofali sina.

Yaliyofuata sikuyaona, nilisimuliwa na watu wengi kiasi kwamba ni kama nilikuwapo. Lori lile liliharibika Sange, mbele ya soko. Wale watu walikuwa na haraka, wanafukuzwa, wakaamua kuchukua vizuri tu na kuacha vingine, wakaanza kufungua makatoni barabarani. Likatoka tofali. Katoni ya pili, tofali, limevishwa matambara. Walifungua makumi ya makatoni, kwa hasira inayoongezeka, mpaka barabara ikawa kama mtu anataka kujenga. Halafu wakasikia milio nyuma yao, wakaenda kwa miguu. Watu wa Sange walitoka vichochoroni mmoja mmoja kutazama. Mzee Kashindi alikuwa miongoni mwao. Wanasema aliokota kipande kimoja, akakifungua matambara kama anayemvua mtoto nguo, akasimama nacho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya jiwe la muuza nyanya, akawa anahesabu kwa vidole: mikeke, wali, maharage, sombe ya majani ya muhogo, na yule mwanamke aliyepiga magoti.

Barabara ilipofunguka alirudi Uvira, na koti lake, hakuja dukani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Apolina, peke yake, akauliza redio ni ya nani. Ni ya marehemu bwana yangu, akajibiwa. Akazipita nyumba zote sita, na zote sita zikanikana, na Mwalimu Sadiki akamwonyesha kitambaa mara ya pili. Ndipo alipokuja chumbani kwetu Songo, ameshiba, akakaa juu ya kitanda.

"Nyumba sita," alisema, "na hakuna hata moja ilikosea. Minye mpunga yangu nimefukia mu shamba, na ndugu yangu wa damu alienda kuonyesha wenye bunduki. Weye ulipata wapi hawa bantu?"

Nilimwonyesha Bahati kwa kidole, Bahati akaonyesha ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta Mama Apolina akakohoa. Mzee aliomba jambo moja tu kabla ya kwenda: magunia yake manane ya mpunga, je, yangeweza kulala barabara yetu msimu ule? Yalilala. Mwenye mashini alioa kwingine, nasikia anaishi vizuri.

Sherehe ya mahari ilifanyika Sange, uani kwa Mzee, nao majirani zangu wote sita walikuja wamevaa vizuri, wakakaa upande wangu. Ukafika ule wakati ambapo binti anaitwa mbele ya wazee wa pande zote mbili na kuulizwa kama anamjua huyu kijana, maana bila neno lake hakuna kinachopokelewa. Vumilia alitoka ndani na kitenge kipya. Baba yake akamuuliza. Alinitazama kuanzia viatu, taratibu, akapandisha macho, akawageukia wazee.

"Simujue," alisema.

Wajomba zake waligeukiana. Upande wetu Mama Apolina alijifunika uso na kitambaa, mabega yanamtikisika, na Bahati akatazama chini kama mtu anayetafuta sindano. Mzee Kashindi alibana midomo kwa nguvu zake zote, akauliza mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, ili wa nyuma nao wasikie: huyu kijana, ni wa nani?

"Iko wa kwangu," alisema Vumilia.

Nilikuwa sijasikia mtu akikiri mali yake hadharani tangu mwaka ule uanze.